Nyota Zote Zina Upolari? Tafuta Kosa Kuanzia Mezani Kwako

"Maalim, nimegundua kitu." Ndivyo alivyonijia kijana mmoja msimu wa kaskazi uliopita, hapa Chake Chake, laptopu kaikumbatia kifuani kama aliyebeba mtoto. Kwenye kioo palikuwa na mchoro wa nyota moja, data za zamani za darubini ya angani: upolari wa asilimia 4 kwenye ncha ya urujuanimno (mwanga usioonekana, wenye wimbi fupi kuliko urujuani), pembe inarukaruka, na duara jekundu alilolichora mwenyewe kuzunguka "ugunduzi". Tulikaa barazani mpaka maghribi. Makosa yalikuwa matatu, na hakuna hata moja lililokuwa mbinguni.

Yafuatayo ni kwa ajili yake na wenzake, na kwa yeyote anayezishika data hizi akakuta mambo hayaendi. Nimeyapanga kwa malalamiko ninayoyasikia. Utaratibu wangu ni mmoja: anza na kilicho karibu na mkono wako, yaani faili na hesabu. Halafu nenda kwenye darubini, kisha kwenye vumbi lililo baina yetu na nyota. Nyota yenyewe ishutumiwe mwisho.

Kwa asiyejua upolari ni nini: mwanga ni wimbi, na wimbi hutikisika kukata njia yake. Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote ovyo ovyo. Ukishatawanywa au kuakisiwa, mtikisiko unaelemea upande mmoja, na huo ndio upolari; mwelekeo wa upande huo ndio pembe yake. Azima miwani ya polaroidi kwa nahodha yeyote anayepeleka wageni Misali. Tazama mng'ao wa jua juu ya maji, utaona umekatika na unaona mpaka matumbawe chini. Sasa laza kichwa begani. Mng'ao unarudi wote. Darubini inafanya kazi hiyo hiyo ya kulaza kichwa, ila kwa nyota tunatafuta tofauti ya asilimia moja, au sehemu ya kumi ya hiyo.

Na kwa nini angani? Kwa sababu ozoni na oksijeni ya hewani zinazuia karibu mwanga wote wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 300 hivi. Simamisha darubini yako Ras Kigomasha usiku usio na wingu hata moja, hutapata kitu. Lazima upande juu. Waliopanda ni wachache. Chombo cha WUPPE cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, chenye kioo cha nusu mita, kiliruka mara mbili: Desemba 1990 ndani ya chombo cha wanaanga Columbia katika safari iliyoitwa Astro-1, na Machi 1995 ndani ya Endeavour, Astro-2. Kilipima kuanzia nanomita 140 hivi mpaka 320 hivi. Darubini ya angani Hubble nayo ilikuwa na spektrografu (chombo cha kuutandaza mwanga kwa urefu wa wimbi; mwanga uliotandazwa ndio spektra) iliyoitwa FOS, yenye uwezo wa kupima upolari, mpaka ilipotolewa mwaka 1997. Mipango mipya ipo, Polstar ya Marekani na Pollux ya Ulaya, lakini bado iko kwenye karatasi. Ndiyo maana faili la mwaka 1990 ambalo mtu analishusha bure usiku, bando likiwa rahisi, bado si takataka.

"Upolari wangu ni asilimia 150"

Hili ni jepesi, tulipite. Hakuna upolari unaozidi asilimia 100. Umechanganya vipimo. Tunatumia herufi I kwa mwanga wote, Q na U kwa ule ulioelemea upande: Q hulinganisha nyuzi 0 na 90, U nyuzi 45 na 135. Mafaili mengine huandika Q na U kama kiasi cha mwanga, mengine kama sehemu ya I, mengine kama asilimia. Soma kichwa cha faili kabla ya kugawa chochote. Na ukiona nyota yako inaanzia "nanomita 1,400", hizo ni angstromu. Gawa kwa 10.

"Kila nyota ninayoipima ina upolari, hata zile zisizotakiwa kuwa nao"

Hapa ndipo wengi wanapozama, kwa hiyo tukae kidogo.

Upolari tunauita p, na mraba wake ni mraba wa q kujumlisha mraba wa u, ambapo q ni Q gawanya kwa I, na u vivyo hivyo. Sasa fikiri. Nyota haina upolari kabisa. q yake halisi ni sifuri, u yake ni sifuri. Lakini kipimo kina kelele: leo q inatoka +0.2, kesho −0.3. Ukiweka mraba, alama ya kutoa inakufa. Kila kelele inageuka kuwa namba chanya, na p haiwezi kamwe kushuka chini ya sifuri. Kama shaka yako, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuyumba kwa kelele, ni asilimia 0.3 kwa q na 0.3 kwa u, nyota isiyo na upolari wowote itakupa p ya asilimia 0.38 hivi kwa wastani. Hujapima nyota hapo, umepima kelele yako mwenyewe ukaivalisha kanzu.

Kijana wangu alifanya kosa hili kwa namna mbaya zaidi. Aliikata spektra vipande 200, akatafuta p ya kila kipande, kisha akapiga wastani wa zile p 200. Alidhani anapunguza kelele, kumbe anaihifadhi. Njia ni kujumlisha Q zote pamoja, U zote pamoja na I zote pamoja, na p itafutwe mara moja tu, mwisho kabisa. Hapo +0.2 na −0.3 zinapata nafasi ya kufutana. Kisha toa upendeleo uliobaki: mraba wa p toa mraba wa shaka, halafu chukua kipeuo cha pili. Ikiwa p haijafika mara tatu ya shaka, usiseme umepima. Sema upolari hauzidi kiasi fulani, basi.

Alipojumlisha upya, asilimia 4 yake ilishuka hadi 1.6. Alinyamaza kidogo.

"Pembe inaruka kutoka nyuzi 2 kwenda 178"

Haijaruka. Chukua mchi wa kinu ule wenye ncha mbili sawasawa, ulaze sakafuni. Uzungushe nusu duara. Kuna aliyejua kama umezungushwa? Pembe ya upolari ni kama mchi huo, haina kichwa wala mguu. Nyuzi 2 na nyuzi 178 zimepishana nyuzi 4 tu. Ukizipigia wastani utapata 90, jibu lililokosea kwa kiasi kikubwa kuliko vyote vinavyowezekana. Dawa ni ile ile ya juu: wastani upigwe kwenye Q na U, si kwenye pembe.

Ikiwa pembe zako zote zimebanwa kati ya −45 na +45, programu yako imegawa U kwa Q kisha ikatafuta pembe bila kuangalia alama ya kila moja. Tumia amri inayopokea U na Q mbali mbali. Na ikiwa pembe inayumba bila mpango wowote, ulinganishe kwanza na shaka yake: nyuzi 28.65 mara shaka ya p, gawanya kwa p. Upolari wa asilimia 1 wenye shaka ya 0.3 una shaka ya pembe karibu nyuzi 8.6. Kuyumba kwa nyuzi 7 hapo si habari.

"Ncha za spektra zinapaa"

Hili lilikuwa la pili kwa kijana wetu. Fotoni, yaani chembe za mwanga, ni chache kwenye nanomita 145, hasa kwa nyota ambayo si ya moto sana. Kwa chombo kizuri kabisa, shaka ya p ni kipeuo cha pili cha 2 gawanya kwa idadi ya fotoni. Fotoni 20,000 zinakupa shaka ya asilimia 1. Ukitaka asilimia 0.1 unahitaji milioni 2. Kwa hiyo usikate spektra vipande vya upana sawa. Kata vipande vyenye shaka sawa: vyembamba katikati ambako mwanga ni mwingi, vipana kwenye ncha. Mchoro utapoteza manyoya yake, na utaona kama kuna ndege kweli.

Kuna sababu nyingine ya kupaa, nayo ni mwanga uliopotea njia. Nyota nyekundu kidogo ina mwanga mwingi kwenye nanomita 300 kuliko 150. Chembe ndogo ya mwanga ule mrefu ikitawanyika ndani ya chombo na kuangukia upande wa mfupi, utapima upolari wa rangi nyingine ukidhani ni wa 150. Dalili yake: I haishuki kufikia sifuri pale unapojua nyota haina mwanga. Hapo usihangaike kusafisha, kata ncha hiyo uitupe.

"Nyota tofauti, pembe ile ile"

Ukiona hivi, acha hesabu uigeukie darubini. Nyota zilizotawanyika mbinguni hazina sababu ya kukubaliana pembe. Kinachokubaliana ni vioo.

Kioo kinachoakisi mwanga kwa mshazari huupolarisha, kama maji ya bahari yanavyofanya. Darubini iliyonyooka, ambamo mwanga unashuka katikati na kurudi katikati, ina nafuu, kwani mshazari wa upande huu unafutwa na wa upande ule. WUPPE ilijengwa hivyo. Hubble iliwatoa watu jasho. Kioo chake kikuu kilikuwa na kasoro ya umbo, na Desemba 1993 wanaanga waliweka COSTAR, seti ya vioo vidogo vya kurekebisha. Picha zilinyooka. Lakini mwanga wa kwenda FOS sasa ulipita vioo viwili zaidi, tena kwa mshazari, na vikaongeza upolari wao wenyewe unaobadilika kwa kila urefu wa wimbi. Ukishika data za FOS, swali la kwanza ni tarehe: ni kabla ya COSTAR au baada? Usizichanganye kwenye mchoro mmoja kabla hujaondoa mchango wa vioo.

Watu huniambia, "lakini Maalim, si kuna bamba la nusu-wimbi?" Lipo, ni kipande chembamba cha fuwele kinachozungusha mtikisiko wa mwanga, na ni kifaa kizuri. Mwanga ukifika kwenye prizimu unagawanyika kuwa miale miwili, kila mmoja unabeba upande wake wa mtikisiko. Ukilizungusha bamba nyuzi 45, mtikisiko unazunguka nyuzi 90 na ile miale miwili inabadilishana mizigo. Kwa hiyo jicho la kushoto likiwa zembe kuliko la kulia, uzembe wake unafutika. Hata nyota ikitetereka kwenye tundu kwa sababu chombo kimetikisika, miale yote miwili inapungua pamoja na uwiano unabaki. Hilo si dogo. Kwenye Astro-1 kuilenga nyota ilikuwa shida ya safari nzima: vituo viwili vya kompyuta ambavyo wanaanga walivitegemea kuongoza darubini vilikufa kwa joto baada ya kuzibwa na nyuzi nyuzi za vumbi, na kazi kubwa ya kulenga ikafanywa na watu wa ardhini. (Wenye kompyuta Pemba, zipulizeni feni zenu.)

Ila bamba linaponya yale yaliyo nyuma yake tu. Upolari ulioongezwa na kioo kilicho mbele ya bamba unaingia ukiwa umevaa nguo za nyota, na bamba haliwezi kuutambua. Huo unatolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupima nyota zinazojulikana hazina upolari. Chochote utakachokipata ni cha chombo, kitoe kwenye q na u za kila urefu wa wimbi. Ya pili ni kuizungusha darubini yenyewe. Upolari wa nyota umefungwa kwenye mbingu. Upolari wa kioo umefungwa kwenye kioo na utazunguka nacho. Kwa Hubble kuzunguka huku kunabanwa na jua, kwani paneli lazima zilielekee, hivyo mara nyingi unasubiri miezi na kuirudia nyota ile ile.

Na pembe ikiwa imekaa sawa kwa nyota zote ila imehama kwa kiasi kile kile ukilinganisha na vitabu, kosa ni dogo: hukuigeuza kutoka pembe ya chombo kwenda pembe inayopimwa kutoka kaskazini ya mbinguni. Kumbuka q na u zinazunguka mara mbili ya pembe hiyo.

"Nimesafisha yote, upolari bado upo, na unapungua kuelekea urujuanimno"

Sasa tumetoka nje ya chombo. Huyu ni vumbi.

Hiltner na Hall, wote Wamarekani, walitangaza mwaka 1949 kwamba mwanga wa nyota za mbali una upolari usio wa nyota hizo. Vumbi la baina ya nyota lina punje ndefu ndefu, na sumaku ya galaksi inazipanga. Simama bandarini Wete maji yakikimbia: mashua zote zilizotia nanga zimegeukia upande mmoja, bila ya nahodha hata mmoja kuwa ndani. Mwanga ukipita kwenye punje zilizojipanga hivyo, mtikisiko wa upande wa urefu wao unapungua zaidi, na kinachobaki kimeelemea.

Vumbi lina sura yake. Upolari wake unafika kilele karibu na nanomita 550, mwanga wa kijani, kisha unashuka pande zote mbili. Kwa kanuni ya Serkowski, ambayo ni hesabu ya sura hiyo, nyota yenye asilimia 2 kwenye kilele itabaki na 0.6 hivi kwenye nanomita 200. Pembe yake, kwa kawaida, haibadiliki sana. Ukiona sura hiyo na pembe imetulia, usiandike kuhusu nyota, andika kuhusu vumbi. Kuna na kipimo cha haraka: vumbi likiifanya nyota kuwa nyekundu kwa kiasi fulani cha magnitudo (kipimo cha mng'ao wa nyota) kati ya bluu na kijani, upolari wa vumbi hauzidi asilimia 9 mara kiasi hicho. Wekundu wa 0.1, basi vumbi haliwezi kukupa zaidi ya 0.9. Ziada itafutiwe mwenyewe.

Kuutoa upolari wa vumbi ndiko kulikomkwaza kijana wetu mara ya tatu. Alitoa asilimia kwenye asilimia. Tazama: nyota pamoja na vumbi inakupa asilimia 1 kwa pembe ya 0, yaani q ni 1 na u ni 0. Nyota za jirani zinakuambia vumbi ni asilimia 1 kwa pembe ya 45, yaani q ni 0 na u ni 1. Yeye alisema 1 toa 1 ni sifuri, nyota haina kitu. Lakini q inabaki 1 na u inakuwa −1, na upolari wa nyota ni asilimia 1.41 kwa nyuzi 157.5. Nyota imezaliwa upya kutoka sifuri.

Mwaka 1990 watu walisubiri pia kuona vumbi likifanya kitu kwenye nanomita 217.5, mahali ambapo linameza mwanga kwa nguvu na kuacha kifundo kwenye spektra. WUPPE iliangalia. Kwenye njia nyingi hakikuonekana kifundo chochote cha upolari. Punje zinazomeza mahali hapo hazijipangi kama mashua. Nyota HD 197770 ni mojawapo ya zile chache zilizokionyesha. Kwa hiyo kifundo kikikosekana kwenye mchoro wako, usikitafute kwa kulainisha mstari mpaka kitokee.

"Kinachobaki hakifanani na nadharia"

Vizuri. Huenda sasa umeifikia nyota.

Ukitoka nje jioni ya Januari ukatazama kaskazini, utakiona Kilimia, na nyuma yake Aldebaran, jina la Kiarabu lenye maana ya mfuataji, kwa kuwa anakifuata hicho hicho Kilimia. Vyote viwili vimo katika kundi la nyota la Ng'ombe (Taurus), na kwenye ncha ya pembe moja ya Ng'ombe huyo kuna Zeta Tauri, nayo inaonekana kwa macho. Ni nyota ya kundi la Be: inazunguka kwa kasi kubwa, na imejizungushia diski ya gesi, bapa kama sahani. Elektroni za diski hutawanya mwanga na kuupa upolari. Ndani ya Kilimia chenyewe yumo Pleione, wa kundi hilo hilo.

Elektroni huru hutawanya rangi zote sawa, kwa hiyo mifano ya zamani ilitabiri upolari wa juu kwenye urujuanimno. Astro-1 ilipoipima Zeta Tauri, upolari ulishuka badala ya kupanda, na ukazama zaidi palipo na msongamano wa mistari ya chuma, yaani zile rangi ambazo chuma huzimeza. Chuma kilichomo ndani ya diski kilikuwa kikiumeza mwanga uliotawanywa kabla haujatoka. Mtu mwenye haraka angeiona spektra ile, akasema kioo kibovu, akairekebisha mpaka ifanane na kitabu. Walioijua darubini yao waliiacha kama ilivyo, na kitabu ndicho kilichoandikwa upya.

Vivyo hivyo usishtuke kama nyota moja ina kiasi kingine mwaka 1990 na kingine 1995. Nyota za Be hujenga diski na kuipoteza. Pi Aquarii aliipoteza yake katikati ya miaka ya 1990, na upolari ukaondoka nayo. Angalia tu kama pembe imebaki pale pale wakati kiasi kinapungua. Ikibaki, ni diski inayokonda. Ikihama, rudi kwenye vioo na vumbi uangalie tena.

Na kijana wetu? Baada ya kuunganisha Q na U, kukata ncha, na kuliondoa vumbi kwa q na u badala ya asilimia, alibakiwa na 0.5, shaka 0.3. Aliitazama namba ile muda mrefu, akafuta duara jekundu, akaandika pembeni "hauzidi 1.4". Kisha akaniomba hotspoti ashushe faili la nyota nyingine.